Injini Isiyonywa Maji: Kuifufua kwa Matumizi ya Kila Siku

Mwaka 1954, mashindano ya magari ya Safari yalipokuwa bado machanga na njia yake ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ushindi ulichukuliwa na gari dogo la Volkswagen lenye mgongo kama wa kobe. Gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena mwaka 1957, na tena mwaka 1962. Halikuwa na rejeta, wala pampu ya maji, wala mpira wa maji wa kupasuka njiani. Injini yake, iliyofungwa nyuma, ilipozwa kwa hewa tupu. Vumbi, matope na jua walivyopambana navyo madereva wale ni vile vile tunavyovijua sisi. Yafaa wasomaji walikumbuke jambo hilo, maana siku hizi husikika mara kwa mara kauli kwamba injini hizi haziwezi joto la Pwani.

Kauli hiyo ndiyo aliyopewa mwandishi wa makala haya mwaka 2019, wakati gari lake la mwaka 1969, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,493, lilipozimika kilomita chache kabla ya kufika Chalinze. Kilisikika kishindo kimoja, kisha mlio wa chuma kugonga chuma, kisha kimya. Gari hilo ndilo lililokuwa likimtoa Kibaha asubuhi kwenda kazini Dar es Salaam na kumrudisha jioni, wala hakuwa na jingine. Wengi walimshauri aliuze kwa kilo kama chuma chakavu. Lakini kabla ya kuzika maiti ni vema kujua marehemu amekufa kwa nini, na injini, tofauti na mwanadamu, baada ya kupasuliwa yaweza kuunganishwa tena ikafanya kazi.

Ilipofunguliwa ilionekana kwamba kichwa cha valvu ya moshi ya silinda ya tatu kilikuwa kimekatika kutoka katika shina lake. Kichwa hicho kilidunda kati ya pistoni na silinda hedi mpaka pistoni ikatoboka na alumini ya hedi ikachimbika. Silinda nyingine tatu zilikuwa nzima. Hapo pana swali ambalo kila fundi apaswa kujiuliza: ikiwa joto la Pwani ndilo lililoiua injini, mbona lilichagua silinda moja tu kati ya nne zilizokuwa zikipita barabara moja, siku moja, chini ya jua moja?

Ili kulijibu yatupasa kwanza kueleza jinsi joto linavyosafiri ndani ya injini ya aina hii. Katika injini ya petroli, ni kiasi cha robo tu ya nguvu iliyomo katika mafuta ndiyo hufika kwenye magurudumu. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka na moshi, na nyingine huingia katika kuta za silinda na hedi. Moto unaowaka ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi, ilhali alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa hiyo uhai wa hedi hutegemea kuondolewa kwa joto mfululizo, kila sekunde, kabla halijajilimbikiza. Katika magari mengi kazi hiyo hufanywa na maji. Katika gari letu hufanywa na feni kubwa inayozungushwa na shina la dainamo, ambayo huvuta hewa na kuisukuma ndani ya ganda la bati; ganda huigawa hewa na kuiteremsha katikati ya mapezi ya silinda na ya hedi. Mapezi hayo, yanayofanana na ya samaki, huongeza eneo la chuma linaloguswa na upepo.

Lakini hewa haifanyi kazi hii peke yake. Mafuta ya injini nayo hubeba joto kutoka kwenye beringi, chini ya pistoni na kwenye valvu, yakalipeleka katika kipoza-mafuta, ambacho ni kijirejeta kidogo kilichosimama ndani ya njia ya hewa. Mafuta yenyewe ni lita 2.5 tu. Anayeruhusu yapungue nusu lita amekwisha kuitoa injini sehemu ya tano ya damu yake.

Sasa tazama mahali kilipowekwa kipoza-mafuta hicho. Katika injini zilizotengenezwa kabla ya modeli za mwaka 1971, kilisimama ndani ya ganda la feni, upande wa kushoto, juu ya njia iendayo kwenye silinda ya tatu. Hewa inayoifikia silinda hiyo imekwisha kupita kwenye mafuta ya moto. Imeshapata joto, tena imepungua kasi. Watengenezaji walilijua hilo. Baadhi ya distribyuta zao zilichongwa ili cheche ya silinda ya tatu ichelewe nyuzi chache kuliko zile nyingine, kusudi ifanye kazi kwa joto dogo zaidi. Na kuanzia modeli za mwaka 1971 kipoza-mafuta kilihamishiwa katika chumba chake chenyewe nyuma ya ganda. Silinda ya tatu, basi, ndiyo mtoto dhaifu wa nyumba hii. Njaa ikiingia, huanza kwake.

Na njaa ilikuwa imeingia. Miaka miwili kabla ya ajali ile, injini ilikuwa imefunguliwa na fundi mmoja stadi wa mkono, ambaye alifunga ringi mpya na kazi yake ya chuma haikuwa na kasoro. Ila aliona mabati mengi yasiyo na kazi, akayaacha nje. Kwanza aliacha yale madogo yanayofungwa chini ya silinda, ambayo huilazimisha hewa ilizunguke pezi mpaka upande wa chini badala ya kutoroka mara tu inapopita juu. Pili, kwa kuwa hapa petu hakuna atakaye gari lipashwe moto, aliondoa mabomba ya joto akaacha wazi matundu mawili ya ganda la feni yaliyokuwa yakiyalisha mabomba hayo. Hewa iliyotakiwa kupoza silinda ikawa inamwagika humo bure. Tatu, mpira unaozunguka nyumba ya injini, kati ya bati la injini na bodi ya gari, ulikuwa umeoza, naye hakuutafuta mwingine.

Mpira huo wahitaji maelezo zaidi, maana ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Nyumba ya injini hii imegawanyika sehemu mbili. Juu ya mabati ni hewa baridi inayoingia kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Chini ya mabati ni hewa moto iliyokwisha kupita kwenye mapezi, pamoja na joto la ekzosi. Mpira ndio ukuta kati ya vyumba hivyo viwili. Ukikosekana, feni huivuta tena hewa ile ile iliyoitapika, na injini huwa kama mtu aliyejifunika blanketi usoni akajaribu kupumua. Siku hiyo dereva hataona kitu, kwa kuwa gari halina kipimo cha joto la hedi. Wala kesho yake. Valvu ya moshi hurefuka kidogo kidogo kwa joto, chuma chake kikichoka, hadi siku moja hukatika.

Kwa hiyo anayetaka kuifufua injini ya namna hii ili imtumikie kila siku asianze na pistoni. Aanze kwa kuhesabu mabati. Mabati yaliyopotea yatafutwe kwenye magari mabovu, au yachongwe upya na mfua bati kwa kufuata mfano. Matundu ya mabomba ya joto yazibwe kwa vifuniko. Mpira ununuliwe mpya. Vifaa vingi vingali vikitengenezwa, ingawa gari la mwisho la aina hii lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464 katika hesabu yake.

Baada ya hayo ndipo tuje kwenye chuma chenyewe, na hasa kwenye bloku. Bloku la injini hii limesubiwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu, madini mepesi kuliko alumini. Wepesi huo una gharama zake. Magnesiamu ikipata joto hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha pua, kwa hiyo injini inapochemka, matundu yanayoshika beringi kuu hutanuka kuliko krankshafti iliyomo ndani yake. Uwazi huongezeka na shinikizo la mafuta hushuka. Tena chuma hiki ni laini. Baada ya kilomita nyingi, krankshafti hulipiga tundu la katikati hata likaacha kuwa duara, na beringi mpya zikifungwa humo hucheza kama jino bovu. Hapana dawa ya hilo isipokuwa kuchonga matundu yote kwa pamoja kwa mashine, katika mstari mmoja, na kutumia beringi zenye mgongo mnene zaidi. Anayebandika karatasi nyuma ya beringi anajidanganya mwenyewe.

Upimaji wa kwanza hufanywa kabla injini haijafunguliwa. Shika puli ya nyuma kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma. Krankshafti yapaswa kuwa na mchezo wa mbele na nyuma wa milimita 0.07 hadi 0.13, nao ukipita 0.15 kazi imefika. Mchezo huo hupimwa barabara kwa saa ya kupimia iliyogusishwa kwenye fulaiwili, na hurekebishwa kwa washa tatu nyembamba zilizo nyuma yake. Lakini ukisikia puli inagonga waziwazi kwa mkono mtupu, huna haja ya saa: beringi ya upande wa fulaiwili imekwisha kulitafuna bloku. Hapo fundi ana uamuzi wa kutoa, kwani bloku lililotafunwa, au lenye ufa nyuma ya silinda ya tatu (mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia), huenda likagharimu fedha nyingi kulitengeneza kuliko kulibadilisha. Bloku la gari letu, kwa bahati, halikuwa na ufa. Lilichongwa mara moja na kukubali beringi mpya.

Onyo moja kuhusu kuchonga. Unga na vinyweleo vya magnesiamu hushika moto kwa urahisi, na moto huo hauzimwi kwa maji, maji huuchochea. Karakana inayochonga mabloku haya haina budi kuwa na ndoo ya mchanga mkavu karibu na mashine.

Krankshafti nayo hupimwa mahali inapozungukia. Shingo tatu kuu zina kipenyo cha milimita 55 zinapokuwa mpya, na ya nne, iliyo upande wa puli, milimita 40. Zikilika, huchongwa kwa hatua za milimita 0.25, na beringi za vipimo hivyo hupatikana. Pistoni na silinda zake huuzwa pamoja kama seti, nalo ni jambo la heri kwetu sisi tusio na mashine ya kutoboa silinda kila mji. Uwazi kati ya pistoni mpya na ukuta wa silinda ni milimita 0.04 hadi 0.06, midomo ya ringi za mgandamizo, ringi ikiwa imeingizwa peke yake ndani ya silinda, yatakiwa iachane milimita 0.30 hadi 0.45. Pistoni zote nne zipimwe katika mizani, wala tofauti isizidi gramu 10.

Hapa ndipo vijana wengi hujaribiwa. Muuza vifaa humwambia mwenye gari kwamba kwa fedha kidogo zaidi aweza kupata silinda za milimita 88, zinazoingia katika bloku lile lile bila kuchonga kitu, na nguvu ikaongezeka. Ni kweli huingia. Lakini huingia kwa sababu kuta zake zimepunguzwa unene. Na ukuta mwembamba, ukipata joto, hupinda, pistoni hukwaruza na moshi huvuja. Vivyo hivyo kwa mgandamizo. Injini hii ilitoka kiwandani na uwiano wa 7.5 kwa 1, nguvu zake zikiwa farasi 44. Kila farasi anayeongezwa ni joto jipya litakalotafuta njia ya kutokea katika mapezi yale yale. Kwa safari ya kila siku, kwa maoni ya mwandishi, farasi 44 wenye afya ni bora kuliko 70 wenye homa.

Kuhusu silinda hedi, zilitafutwa mbili zisizo na ufa kati ya vikalio vya valvu na tundu la plagi, zikafungwa vijibomba vipya vya kuongozea mashina ya valvu, na valvu za moshi zikawa mpya zote. Valvu ya moshi ya zamani hairudishwi hata ikiwa inang'aa; uchovu wa chuma hauonekani kwa macho. Wasomaji huuliza kama petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iuzwayo katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara tangu mwaka 2006, huzidhuru hedi hizi. Haidhuru, kwa kuwa vikalio vyake si alumini bali ni pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Petroli ya siku hizi hudhuru mipira ya zamani inayoipitisha. Mpira ukipasuka juu ya injini yenye moto, matokeo yake hayahitaji maelezo, na magari mengi ya aina hii yameishia hivyo. Ununue mipira mipya, na kila kiungo kifungwe kwa klipu.

Kuunganisha ni kazi ya usafi na subira kuliko nguvu. Nusu mbili za bloku hukutana chuma kwa chuma, bila gasketi, zikipakwa dawa ya kuzibia nyembamba kama rangi. Dawa nene huzitenganisha nusu hizo na kuharibu vipimo vya beringi, na vipande vyake vinavyoning'inia ndani huja kuziba njia za mafuta. Beringi kuu zote nne hushikwa na vipini vidogo vinavyoingia katika matundu yake. Beringi isiyokaa juu ya kipini chake hupondwa nati zinapokazwa. Kwa hiyo kila baada ya kukaza kidogo, izungushe krankshafti kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, simama, fungua, tazama. Nati kubwa sita za bloku hukazwa kwa nguvu ya kilogramu-mita 3.5, na za hedi 3.2 tu, kwa spana yenye kipimo. Mazoea ya kukaza mpaka mkono utetemeke ndiyo yaliyong'oa stadi nyingi kutoka katika magnesiamu laini. Stadi iliyong'oka hurudishiwa heshima yake kwa kichopo cha chuma chenye hesi ndani na nje, na injini iliyofungwa vichopo hivyo huwa imara kuliko ilipotoka kiwandani.

Badiliko moja tu lilifanywa ambalo mtengenezaji hakuliweka. Injini hii haina chujio la karatasi. Ina wavu wa chuma chini ya bloku, unaozuia vipande vikubwa na kuyapitisha mavumbi. Tuliongeza chujio la kawaida katika njia ya mafuta. Kwa barabara zetu, mwandishi haoni sababu ya kuliacha.

Injini iliwashwa kwa mara ya kwanza ikiwa na mafuta mapya, na kwa dakika 20 haikuachwa ikilala taratibu, bali ilizungushwa kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ili kamshafti mpya ipate mafuta ya kutosha inapozoeana na vifaa vinavyopanda juu yake. Mafuta mengi ya petroli ya leo yametiwa zinki na fosforasi kidogo kuliko ya zamani, na kamshafti za namna hii huhitaji madini hayo; yafaa kusoma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Kisha cheche iliwekwa isitangulie zaidi ya nyuzi 28 hadi 32 injini inapokwenda kasi, kwa maana cheche inayotangulia mno hupasha hedi moto kuliko hata bati lililopotea.

Liko jambo la uendeshaji lisilozoeleka kwa waliolelewa na magari ya maji. Feni huzunguka kwa kadiri injini inavyozunguka. Anayepanda Kitonga kwa gia ya nne, mguu umekandamiza sakafu na injini ikilia kwa uchovu, anadai nguvu nyingi huku akitoa upepo mchache. Ateremshe gia. Injini itapiga kelele zaidi na itapoa zaidi. Katika nyanda za juu, kwenye mita 1,700 hivi, hewa huwa nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo shauri hilo huwa na uzito zaidi huko. Na taa nyekundu ya dainamo ikiwaka ghafula, gari lisimamishwe pale pale, si kituo kinachofuata: huenda mkanda umekatika, na mkanda unaozungusha dainamo ndio unaozungusha feni. Mkanda wa akiba na spana yake vikae ndani ya gari siku zote. Mkanda mpya uwe unabonyea kiasi cha milimita 15 kwa kidole gumba.

Mafuta yalibadilishwa baada ya kilomita 500 za kwanza, kisha kila kilomita 5,000, na kila mara uwazi wa valvu ulipimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuwashwa. Uwazi huo ni milimita 0.15. Umuhimu wake hauko katika kunyamazisha kelele tu. Valvu inayorefuka hupunguza uwazi wake yenyewe. Kwa hiyo valvu ile ile moja ikikutwa imebana mara mbili au tatu mfululizo, inatoa taarifa ya kifo chake wiki nyingi kabla, kwa yeyote aliye na kibamba cha kupimia na dakika 30. Huenda valvu ya Chalinze ilikuwa imetoa taarifa hiyo pia, hakuna aliyeipima.

Gari lilirudi barabarani kati ya Kibaha na Dar es Salaam. Katika upimaji uliofanywa baada ya kilomita 41,000, kibamba cha milimita 0.15 kilipita chini ya mkono wa valvu ya moshi ya silinda ya tatu kwa ugumu ule ule kilivyopita katika zile nyingine saba.